Eti Hashimoto Inageuka Kansa? Hebu Tuirudie Hii Stori Kutoka Mwanzo

Kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu yetu ya huku Taveta mwezi huu. Dakika moja na kitu hivi, muziki wa kutisha, halafu sauti inasema ukipimwa ukaambiwa una Hashimoto basi tayari una kansa ya shingo, ni vile tu haijaamka. Mwisho wa klipu kuna namba ya simu na vidonge vya mwani. Nimeiona imetumwa na watu wa Bomeni, nikaiona tena kutoka Mahoo, binamu yangu akaniletea kutoka Voi, na kwenye inboksi wasichana watatu wameniuliza kama ni kweli. Mmoja ana miaka 22, ameanza dawa juzi tu, na swali lake lilikuwa fupi: "Nitolewe tezi yote mapema ama ningoje?"

Hilo swali ndilo limenikalisha chini. Ingekuwa klipu ni uongo mtupu ningeicheka niendelee na maisha yangu. Shida ni kwamba ndani yake kuna kipande cha ukweli cha miaka 70 hivi, kilichotoka kwa madaktari wenyewe, na ukikibeba bila historia yake kinageuka sumu. Mimi si daktari. Kazi yangu hapa ni kuchimba mambo ya zamani, kwa hiyo tuchimbe.

Kwanza tuelewane maneno. Thairoidi ni ile tezi ya shingoni, chini kidogo ya koromeo, imekaa kama kipepeo. Inatengeneza homoni zinazoamua mwili wako ufanye kazi kwa kasi gani: joto, mapigo ya moyo, uzito, hedhi, hata hasira zako. Ili itengeneze hizo homoni inahitaji ayodini, ambayo majirani zetu wa upande wa Holili wanaita madini joto. Ikikosa ayodini inajitanua kujaribu kunasa kidogo kilichopo, na hapo ndipo unapata rovu, ile goita ambayo wazee wetu waliijua vizuri sana. Hashimoto ni kitu kingine. Hapo kinga ya mwili wako mwenyewe, askari waliopaswa kupigana na vijidudu, wanaivamia tezi na kukaa ndani yake miaka na mikaka. Tezi inavimba ndani kwa ndani, inachoka, na mara nyingi mwisho wake inashindwa kutoa homoni ya kutosha. Wanawake wanaipata mara nyingi kuliko wanaume, na si kwa tofauti ndogo.

Sasa Hashimoto ni nani? Wengi wanadhani ni jina la dawa ama la pikipiki. Hakaru Hashimoto alikuwa daktari kijana wa Japani, amezaliwa 1881, familia yao ni ya waganga tangu kitambo. Alisomea upasuaji Fukuoka, na mwaka 1912 alichapisha makala ndefu kwa Kijerumani, maana enzi hizo ukitaka daktari mkubwa akusikie ilibidi uongee Kijerumani. Makala yalihusu wanawake wanne tu. Wote walikuwa wamepita miaka 40, wote walikuwa na shingo iliyovimba, wote walikatwa tezi. Hashimoto aliziweka zile tezi chini ya hadubini akaona kitu ambacho hakikufanana na kilichoandikwa vitabuni: tezi imejaa chembe nyeupe za damu, zimejipanga kama ziko nyumbani kwao. Hakuwa na uhakika zimefikaje hapo. Aliandika alichoona, akaupa ugonjwa jina refu la Kilatini, basi.

Alipuuzwa. Kuna waliosema hiyo ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa mwingine ambao Mjerumani Riedel alikuwa ameueleza 1896. Hashimoto alikwenda Ujerumani kusoma zaidi, Vita vya Kwanza vikamrudisha, baba yake akafariki, akarudi kijijini kwao kuendesha zahanati ya familia. Alimaliza maisha yake kama daktari wa kijiji, yule wa kuitwa usiku kwenda nyumbani kwa mgonjwa. Mwaka 1934 aliambukizwa homa ya matumbo kazini akafa, ana miaka 52. Ni Wamarekani, miaka ya 1930, waliosema huu ni ugonjwa wake peke yake na jina lake likaanza kushika. Sijui kama alipata kujua. Napenda tu kwamba jina linalotisha watu kwenye simu zetu lilikuwa la msee wa kijijini aliyekufa akihudumia majirani.

Shika hiki kitu kimoja kutoka hapo, tutakirudia: aliziona hizo tezi kwa sababu zilikuwa zimeshakatwa. Mtu ambaye tezi yake haikukatwa, Hashimoto hakumwona.

Kwa nini chembe nyeupe zilikuwa pale, ilibidi dunia ingoje hadi 1956. Kabla ya hapo wakubwa wa sayansi walikuwa wameshikilia wazo la Mjerumani Paul Ehrlich kwamba mwili hauwezi kujishambulia, ungeogopa kujiua. Kule Buffalo, Marekani, kijana aitwaye Noel Rose akifanya kazi chini ya Ernest Witebsky alichukua sungura, akawadunga maji ya tezi ya sungura, na tezi zao zikaanza kuvimba na kujaa chembe nyeupe, kama zile picha za Japani. Bosi wake mwenyewe alikuwa mfuasi wa Ehrlich, hakutaka kuamini. Mwaka huohuo London, Deborah Doniach, Ivan Roitt na wenzao walikuta damu ya wagonjwa wa Hashimoto ina silaha za kinga zilizolenga tezi yao wenyewe. Kipimo cha antibodi ambacho leo unalipia maabara kinatoka kwenye huo ukoo. Hapo ndipo ugonjwa wa kwanza wa mwili kujipiga wenyewe kwenye kiungo kimoja ulipoeleweka vizuri, na milango ya mingine mingi ikafunguka.

Sasa tuingie kwenye kansa.

Mwaka mmoja kabla ya hao sungura, yaani 1955, madaktari wa Marekani, Dailey na wenzake, walichapisha kazi iliyosema kwamba kwenye tezi zilizokatwa, Hashimoto na kansa zinakutana pamoja mara nyingi kuliko bahati. Hicho ndicho kile kipande cha ukweli ninachokisema. Na kiliaminika haraka kwa sababu wazo lilikuwa limeshazoeleka. Tangu 1863 Rudolf Virchow alikuwa ameona chembe nyeupe ndani ya uvimbe wa kansa, akasema kansa inaanzia mahali palipovimba muda mrefu.

Na sisi watu wa Taveta hatuhitaji Virchow kutuambia. Tuna kichocho. Yeyote aliyekua karibu na mifereji ya kunyweshea mashamba, ama upande wa Mto Lumi na Ziwa Jipe, anajua stori ya mtoto anayekojoa damu. Kichocho cha kibofu kikikaa miaka mingi bila dawa, mayai ya mdudu yanachokoza ukuta wa kibofu bila kupumzika, na kansa inaweza kuota hapo. Cairo waliandika kuhusu hili mapema kama 1911, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa likamweka huyo mdudu kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa. Homa ya ini ya muda mrefu na kansa ya ini ni mkondo huohuo. Kwa hiyo mtu akikwambia "kitu kikivimba muda mrefu kinakuwa kansa", kichwa kinakubali kabla hajamaliza sentensi.

Lakini kila kiungo kina kesi yake, na kesi ya tezi imejaa mtego.

Fikiria soko letu, Jumatano ama Jumamosi, malori ya ndizi yamejipanga. Mtu kutoka mbali anataka kujua ndizi za Taveta zina ubovu kiasi gani. Badala ya kwenda shambani, anaenda kwenye lile rundo ambalo wachuuzi wenyewe wameshatoa pembeni kwa sababu wameona doa. Anahesabu, anapata robo nzima imeoza, anaandika ripoti: robo ya ndizi za Taveta ni mbovu. Hesabu yake iko sawa kabisa. Rundo ndilo halikuwa sawa.

Nani alikuwa anakatwa tezi? Mtu mwenye Hashimoto ya kawaida kwa kawaida hakatwi. Anapewa vidonge. Anayepelekwa kwenye kisu ni yule mwenye kinundu cha kutia shaka, ama shingo imevimba hadi inabana pumzi. Yaani walioingia kwenye rundo la hadubini walikuwa wameshachujwa kwa sababu ya shaka ya kansa. Ukiitafuta kansa humo lazima uipate.

Mwaka 2013 kuna watafiti walioamua kupanga tafiti zote kwa mafungu mawili, na hii kwangu ndiyo hesabu muhimu kuliko zote kwenye stori yote. Fungu la kwanza: tafiti 8 za watu waliochomwa sindano nyembamba tu kwenye tezi, sampuli 18,023. Humo, kati ya wenye Hashimoto, kansa ya papilari (hii ndiyo aina ya kawaida zaidi ya kansa ya tezi) ilikuwa asilimia 1.20. Fungu la pili: tafiti 9 za tezi zilizokatwa, watu 64,628. Humo ilikuwa asilimia 27.56. Ugonjwa ni uleule na tezi ni ileile, lakini umetoka mmoja kwa mia ukafika zaidi ya mmoja kwa wanne. Na ukilinganisha na wasio na Hashimoto, fungu la sindano halikuonyesha hatari ya ziada hata kidogo, wakati fungu la kisu lilionyesha hatari mara 1.59.

Klipu ilichukua fungu la pili ikaacha la kwanza.

Sindano nayo ina kasoro zake, usinielewe vibaya. Inaweza kukosa kitu kidogo, na anayechomwa naye amechaguliwa kwa sababu fulani. Kuna pia hoja za upande wa pili ambazo siwezi kuzificha. Miaka ya 1990 waliokuwa wakichunguza jeni walisema wameona kwenye tezi za Hashimoto mabadiliko yanayofanana na ya kansa ya papilari, wengine wakarudia wakabisha. Kisha kuna hoja ya TSH, ile homoni ya ubongo inayoipigia tezi kelele ifanye kazi. Tezi ikichoka, TSH inapanda, na TSH ikiwa juu inaweza kusukuma vinundu vikue. Hiyo mimi naiona ina mantiki. Ila angalia inakupeleka wapi: inakupeleka kunywa dawa zako vizuri na kupima TSH kwa wakati. Haikupeleki kwenye vidonge vya mwani.

Kuna kansa moja ambayo uhusiano wake na Hashimoto haubishaniwi, na ajabu ni kwamba klipu hazijui hata ipo. Ni limfoma ya tezi, kansa ya zile chembe nyeupe zenyewe. Mwaka 1985 Waswidi walichapisha matokeo ya kuwafuata wagonjwa 829 wa huu uvimbe wa muda mrefu. Kansa ya kawaida ya tezi haikuzidi ile iliyotarajiwa. Limfoma ya tezi ilizidi mara 67. Kabla hujashtuka, sikiliza: waliopata walikuwa wanne. Mara 67 ya kitu ambacho karibu hakipo bado ni kitu kidogo. Mimi hutumia hii mfano kila mtu akinirushia "mara kadhaa" bila kusema mara kadhaa ya nini.

Na kimantiki inakaa sawa. Ukiwaweka askari kambini wanapigana miaka 20 bila kulala, si ajabu mmoja wao akichizi. Afrika Mashariki tunajua kitu cha ukoo huo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, mwaka 1958 alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka hospitali kwa hospitali hadi Afrika Kusini kuuliza ugonjwa uko wapi na haupo wapi. Ramani ikafuata maeneo ya joto na mvua, kama ya malaria. Leo tunaelewa malaria inayorudiarudia inaichosha kinga, na kirusi cha Epstein-Barr kinapata nafasi. Ninachompendea Burkitt ni kwamba hakukaa mezani kusubiri vilivyokatwa. Alienda kuuliza na mahali ambapo ugonjwa haupo.

Sasa chumvi, kwa sababu kwenye komenti kuna msee ameandika eti ni serikali imetuwekea Hashimoto kwenye chumvi. Hapa pia kuna kipande cha ukweli, na pia kimekatwa vibaya.

Nyanda za juu za Kenya na milima ya Tanzania zilikuwa nchi ya rovu. Mvua inaosha ayodini kwenye udongo wa mlimani, chakula kinatoka bila ayodini, shingo zinavimba, na mbaya zaidi watoto wanazaliwa wakiwa na ubongo uliodhulumiwa tangu tumboni. Kenya ikaanza kuweka ayodini kwenye chumvi ya kula miaka ya 1970, na leo pakiti unayonunua dukani, kubwa yake inatoka kwenye mabwawa ya chumvi ya Pwani kule Gongoni na Marereni, ina ayodini. Tanzania kuanzia 1986 waligawa vidonge vya mafuta yenye ayodini kwenye wilaya zilizoathirika zaidi. Mwaka 2009 wachumi walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto ambao mama zao walipata hivyo vidonge walienda mbali zaidi shuleni, na wasichana ndio walionufaika zaidi. Kidonge kwa mama, darasa zaidi kwa binti. Mimi sijui sera ngapi zinaweza kujisifia hivyo.

Bei yake ipo. Ayodini ikiongezeka ghafla mahali palipoikosa muda mrefu, baadhi ya tezi zinachanganyikiwa. Kivu, mashariki ya Kongo, na Zimbabwe, miaka ya 1990, chumvi mpya ilifuatwa na watu wengi ambao tezi zao zilianza kufanya kazi kupita kiasi, mapigo ya moyo mbio, uzito unaisha. Kwa muda mrefu zaidi, ayodini ikiwa nyingi Hashimoto nayo inaongezeka. Watafiti wa China walionyesha hilo 2006 kwa kulinganisha maeneo yenye viwango tofauti. Na kuna mji wa Salta, Argentina, mji wa rovu kama kwetu, walioanza chumvi ya ayodini 1963. Baadaye madaktari wa huko walirudi kwenye tezi za zamani na za sasa, wakakuta uvimbe wa Hashimoto umeongezeka, na upande wa kansa uwiano umehamia kwa papilari. Mtu mvivu atasema: ona, chumvi ilileta Hashimoto, Hashimoto ikaleta kansa. Lakini papilari ndiyo kansa ya tezi yenye upole zaidi, na zile kali zaidi ndizo zinazotawala mahali penye upungufu. Vitu viwili vinaweza kupanda pamoja kwa sababu ya kitu cha tatu bila kimoja kumzaa mwenzake. Hata rovu na kansa zake kali zilikuwa na mama mmoja, ukosefu wa ayodini.

Ndiyo maana vidonge vya mwani vinanikera kuliko klipu yenyewe. Mwani ni mali yetu, Zanzibar wanawake wanaulima tangu mwisho wa miaka ya 1980, Kwale pia wameingia, na sina neno na jasho lao. Lakini mwani una ayodini, wakati mwingine nyingi mno, na kiasi kinabadilika kutoka aina hadi aina. Kumuuzia mtu mwenye Hashimoto ayodini isiyopimwa kama tiba ya Hashimoto ni kumwagia petroli kwenye jiko ukisema unazima.

Nirudi kwa yule dada wa miaka 22 na swali lake la kutolewa tezi mapema. Hili limeshajaribiwa, na historia imeandika matokeo.

Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, alikuwa fundi mkubwa wa kukata rovu, hadi akapata Nobel 1909. Mwaka 1874 alimtoa tezi yote msichana wa miaka 11. Upasuaji ulienda vizuri. Miaka ikapita, mdogo wake akakua akawa mwanamke mzima, yeye akabaki mfupi, amevimba uso, akili imezubaa. Kocher aliwaita wagonjwa wake wa zamani awakague, akakuta wengi waliotolewa tezi nzima wamekuwa hivyohivyo, na mwaka 1883 akasimama mbele ya wenzake akalisema hadharani. Hakuna aliyekuwa amejua tezi ina kazi gani. Mwaka 1891 ndipo Mwingereza George Murray alimdunga mwanamke mmoja maji ya tezi ya kondoo akafufuka, akaishi miaka 28 zaidi. Leo badala ya kondoo kuna kidonge cha kila asubuhi, na watu wanaishi vizuri bila tezi. Lakini ni kila asubuhi, maisha yote, na hapo ni kama duka la dawa lina stoku na mfuko una pesa.

Stori ya pili ni ya juzi. Korea Kusini walianza mpango wa taifa wa kupima kansa mwaka 1999. Tezi haikuwa kwenye mpango, ila hospitali ziliongeza picha ya ultrasaundi ya shingo kwa pesa kidogo, na watu wakaikubali, nani hataki kujua? Kufikia 2011 waliogundulika na kansa ya tezi walikuwa mara 15 ya wale wa 1993. Mwaka huo mmoja walipita watu 40,000. Waliokufa kwa kansa hiyo kila mwaka walibaki kati ya 300 na 400, kama zamani. Yaani mashine ilikuwa inavuta vivimbe vidogo ambavyo vingekaa shingoni hadi mtu afe na uzee wake. Karibu wote waliogundulika walikatwa. Asilimia 11 ya waliokatwa walibaki na shida ya kalsiamu kwa sababu tezi ndogo za jirani ziliumizwa, na asilimia 2 kamba za sauti zikapooza. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa hukohuko lilipinga hadharani, na upasuaji ukashuka haraka sana. Sasa jiulize, kwenye ile mashine nani alipelekwa zaidi? Mtu ambaye tayari ana faili la tezi. Mwenye Hashimoto anapigwa picha mara kwa mara, jirani yake asiye na Hashimoto hapigwi kamwe. Ni rundo la ndizi tena.

Shangazi yangu ana Hashimoto mwaka wa tisa. Alipopata kinundu, mtu mmoja mwenye koti jeupe, simtaji wala hospitali sitaji, alimwambia kwa hiyo hali "tutoe yote tumalize". Hakuna sindano, hakuna picha. Alivuka mpaka akaenda KCMC, maana kwetu Moshi ni karibu kuliko Mombasa ama Nairobi, akachomwa sindano, akaambiwa si kansa. Bado ana tezi yake, kidonge chake cha asubuhi, na mdomo wake.

Simaanishi kila kinundu kipuuzwe. Kinundu kigumu kinachokua, sauti iliyokwaruza isiyopona, kumeza kwa shida, tezi za pembeni ya shingo zilizovimba, hizo ni za kwenda hospitali wiki hii. Na mama mtu mzima mwenye Hashimoto ya miaka mingi ambaye shingo inavimba kwa kasi ya wiki chache, huyo ni wa leo, kwa sababu ya ile limfoma. Kinachofanyika kwanza ni picha na sindano, na uamuzi unafuata kile sindano imesema. Hata wale wachache ambao inakuwa kweli ni papilari juu ya Hashimoto, tafiti nyingi zimewakuta na kansa tulivu zaidi na inayorudi mara chache kuliko wenzao wasio na Hashimoto. Kuna wanaodhani ni zile chembe nyeupe, wale wavamizi wa Hashimoto, ndizo zinazoizuia kansa isisambae, na kuna wanaosema ni vile tu iligunduliwa mapema kwa sababu shingo ilikuwa inaangaliwa. Huo mjadala bado uko wazi.

Dada, jibu langu nimekutumia inboksi, lakini kwa kuwa wengine wameuliza hilohilo nalirudia hapa. Kunywa dawa yako tumbo likiwa tupu, pima TSH utakapoambiwa, uliza daktari kama una kinundu ama huna. Kama huna, hakuna cha kutoa. Na ile namba iliyoko mwisho wa klipu nimeipiga. Vidonge ni elfu tatu mia tano kwa mwezi, alivyosema, na nilipouliza kila kimoja kina ayodini kiasi gani, akakata simu.